Mashine ya kukereza iliyotumika: nilipe kabla haijazunguka?

SWALI

Shikamoo Mzee wangu,

Mimi ni fundi wa miaka 33, mkazi wa Makorora hapa Tanga. Nilisomea ukerezaji na ufungaji wa mitambo VETA, na tangu nimalize nimekuwa nikifanya kazi katika gereji ya watu. Kazi zinazonijia ni bushi za pikipiki na bajaji, shafti za mashine za kusaga, shafti za pampu za maji, na mara kwa mara wavuvi wa Sahare huniletea shafti za boti zilizoliwa na maji ya chumvi. Kwa kuwa gereji yenyewe haina mashine ya kukereza, kila kazi inanilazimu niipeleke kwa mwenye mashine, nisubiri zamu yangu, nilipe bei anayoitaka yeye, na mteja akirudi kulalamika kwamba beringi inacheza, lawama inabaki kuwa yangu. Ndiyo maana nimejenga banda la matofali nyuma ya nyumba yetu, lenye sakafu ya zege, nikikusudia kuwa na mashine yangu mwenyewe.

Hivi karibuni nimeonyeshwa moja upande wa Muheza, ambayo mwenyewe anasema ilitoka katika karakana ya shamba la mkonge. Ni ya Kiingereza, vipimo vyake vyote ni vya inchi, na nilipopima nafasi iliyopo kati ya ncha ya kichwa, upande unaozungusha kazi, na ncha ya mkia, upande wa pili unaoiegemeza, nilipata inchi 24. Mota yake ni ya farasi 3, fezi tatu. Imepakwa rangi ya kijani ambayo bado inanuka upya. Inauzwa pamoja na chaki ya taya tatu, yaani kibano kinachoishika kazi inapozunguka, na sanduku la gia ambazo sizifahamu zote kazi zake. Nilipoomba iwashwe, muuzaji alinijibu kwamba umeme wa pale ulikatwa zamani, ila mashine ilizimwa ikiwa nzima. Nililishika gari la kisu, lile linalobeba kisu na kuteleza juu ya reli za kitanda cha mashine, nikiwa karibu na chaki nikalitikisa, nikaona linacheza kidogo. Nilipolisukuma kuelekea mwisho wa kitanda likawa zito, na mwishoni kabisa likagoma.

Anataka shilingi milioni 7. Mimi nina milioni 8 na nusu, na sehemu ya fedha hizo ni za kikundi chetu cha kukopeshana, hivyo sina nafasi ya kukosea. Mke wangu hana pingamizi, isipokuwa ameniuliza swali ambalo nimeshindwa kumjibu: umeme wa kuiendesha utatoka wapi, ikiwa nyumba yetu ina LUKU ya fezi moja? Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam naye ananishauri niachane na vyuma vya kale, nichukue mashine ndogo mpya ya Kichina, ya kuweka juu ya meza, kwa fedha hiyo hiyo au pungufu.

Naomba unieleze kama kuchakaa huko kunatosha kunifanya niiache, kama vipimo vya inchi vitanisumbua katika kazi za milimita, na kama ushauri wa rafiki yangu ni wa kufuatwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa Makorora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imebeba nusu ya majibu yake yenyewe, maana fundi aliyelitikisa gari la kisu karibu na chaki, kisha akalisukuma hadi likagoma, amekwisha kufanya kipimo chenye maana kuliko vyote vinavyoweza kufanywa pasipo umeme. Niseme msimamo wangu mapema: mashine ya kimo hicho inakufaa kwa kazi ulizozitaja, lakini usitoe malipo yoyote, hata ya kishika uchumba, kabla hujaiona ikizunguka na kabla hujakata chuma juu yake kwa mkono wako. Kukatwa kwa umeme hakumzuii muuzaji mwenye nia njema, kwa sababu jenereta ya fezi tatu hukodishwa, na gharama ya kuikodi kwa nusu siku mnaweza kuigawana. Akilikataa hata hilo, basi elewa kwamba anakuuzia chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo, hakiuzwi kwa milioni 7.

Maneno ya kwamba mashine imetoka karakana ya mkonge yasikutie hamasa wala hofu. Reli ya kutoka Tanga kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoletwa nchini, na mashamba yaliyoenea baadaye kuanzia Pangani na Muheza hadi Korogwe na Mombo yalikuwa mbali na duka lolote la vipuri. Kila korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ilipovunjika shafti au bushi, kipande kilipaswa kutengenezwa hapo hapo. Hiyo ndiyo sababu mkoa wetu bado una mashine za Colchester, Harrison na nyinginezo zilizojificha nyuma ya mabanda. Zilijengwa kwa chuma kizito na kwa uangalifu, jambo hilo halina ubishi, lakini vile vile zimefanya kazi miaka mingi mikononi mwa mafundi wengi, na kazi ya karakana ya namna hiyo kwa kawaida ni vipande vifupi. Vipande vifupi hukerezwa karibu na chaki, na mahali hapo ndipo reli za kitanda huliwa.

Sasa turudi kwenye gari lako lililogoma. Reli zilizo karibu na chaki zimepungua unene, na zile za mwishoni, ambako gari hufika mara chache, zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Mtu fulani aliona gari linacheza mbele, akakaza kabari na vibao vya chini vinavyolishikilia, na matokeo yake linabana kila linapofika sehemu isiyolika. Kwa hiyo huhitaji kuuliza kama kitanda kimechakaa, kimechakaa. Unachopaswa kujua ni kimechakaa kwa kiasi gani, na kama kiasi hicho kinaharibu kazi zako wewe, wala si kazi za kiwanda kinachotengeneza vipuri vya ndege.

Hapa wanunuzi wengi hudanganywa na macho. Wanapitisha ukucha juu ya reli, wanakuta ngazi ndogo kati ya sehemu iliyolika na ile isiyolika, wanaondoka wakitikisa kichwa. Lakini kisu kinaposhuka wima kwa sababu reli imelika kwa juu, kipenyo cha kazi hubadilika kidogo mno: kisu kikishuka sehemu 1 ya 10 ya milimita wakati unakereza shafti ya milimita 25, kipenyo huongezeka kwa kiasi kisichofika 0.001 ya milimita. Kinachodhuru ni kisu kusogea kwa ulalo, ama kukaribia kazi ama kuiacha, kwa maana hapo kila kosa huingia mara mbili katika kipenyo. Reli zenye umbo la paa la nyumba zikilika upande mmoja kuliko mwingine, gari huinama, na huko kuinama ndiko kunakozaa kosa la ulalo. Jicho haliwezi kuyatenganisha makosa haya mawili. Chuma kilichokatwa ndicho kinachoyatenganisha.

Chukua kipande cha chuma laini cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30 hadi 40, ukifunge kwenye chaki kikiwa kimejitokeza kiasi cha milimita 150, bila kukiegemeza kwenye mkia. Punguza sehemu ya katikati ili zibaki pete mbili zilizoachana kwa milimita 100, kisha pitisha kisu kikali juu ya pete zote mbili kwa kina kidogo sana, bila kugusa mkono wa kuingiza kisu katikati ya safari. Pima pete zote mbili kwa maikromita, si kwa venia, ile rula ya taya zinazoteleza, isiyo makini kama maikromita. Tofauti ya 0.02 ya milimita kwa mashine ya umri huo ni jambo la kushukuru. Tofauti ya 0.05 unaweza kuishi nayo. Ikivuka 0.1, nakushauri uondoke, isipokuwa kama mashine imesimama juu ya udongo au magogo yasiyo sawa, kwa kuwa kitanda kikipindwa na sakafu nacho hukereza vivyo hivyo. Katika hali hiyo iombwe isawazishwe kwa vibao chini ya miguu, kisha kipimo kirudiwe.

Kwa nini nasema 0.05 inavumilika? Tazama beringi ya namba 6205, ambayo bila shaka umeifunga mara nyingi kwenye pampu na mota. Tundu lake ni milimita 25, upana wake milimita 15. Kiti chake kwenye shafti, kwa mkazo wa kawaida, kinapaswa kuwa kikubwa kuliko 25 kwa 0.002 hadi 0.015. Mashine inayopotoka 0.05 katika milimita 100 itapotoka chini ya 0.008 katika upana huo wa 15, na fundi makini anayepima pande zote mbili za kiti na kumalizia kwa msasa laini ataingia ndani ya mipaka. Bushi za bajaji ni fupi zaidi. Shafti ya mashine ya kusaga ndiyo itakayokutesa kidogo, lakini nayo ina viti viwili vya beringi vilivyo mbali, na kila kimoja unaweza kukipima na kukirekebisha peke yake.

Umenitajia inchi 24 kati ya ncha na ncha, yaani takriban milimita 610, na najua ulipoandika hivyo ulikuwa unawaza shafti za boti ambazo huzidi mita. Shafti ya boti haikerezwi yote. Chuma chake hununuliwa kikiwa kimenyooka na kusuguliwa tayari. Kazi ya mkerezaji ni ncha zake, yaani mkato wa mshazari unaoingia kwenye rafadha, uzi wa nati, na upande wa pili unaoungana na kapilingi ya injini. Ikiwa shafti inapita ndani ya tundu la spindo, yaani mhimili wa kichwa unaozungusha chaki, urefu wake si kitu, mradi ncha ya nyuma inayotoka nje ya kichwa umeiwekea egemeo, kwani shafti ndefu inayozunguka bila kushikwa huweza kupinda ghafla na kumpiga mtu. Kwa hiyo, utakaporudi Muheza, kipimo ulichokisahau ndicho cha kuanza nacho: ingiza venia ndani ya tundu la spindo. Likiwa milimita 35 na zaidi, umepata riziki ya Sahare. Likiwa dogo kuliko shafti za wateja wako, kazi ya boti iondoe kabisa katika hesabu zako za marejesho ya kikundi.

Kuhusu spindo yenyewe, funga saa ya kupimia, ile yenye sindano inayoonyesha msogeo mdogo, juu ya kitanda, ncha yake iguse spindo karibu na chaki, kisha ingiza gongo la mti ndani ya chaki na uliinue kwa nguvu ya mkono mmoja. Sindano ikisogea 0.02 au 0.03 na kurudi, hakuna neno. Ikisogea zaidi, uliza kama beringi zinaweza kukazwa. Nyingi zimejengwa ili zikazwe. Beringi za spindo zilizokufa ndicho kitu ambacho kinaweza kula fedha nyingi kuliko mashine yenyewe, kwa sababu si zile za kuokota dukani Kariakoo. Ikishawashwa, iendeshe kwa kila mwendo uliomo, kuanzia wa chini, ukisikiliza. Gia iliyovunjika jino hugonga kwa mpigo unaojirudia sawasawa. Beringi mbovu hunguruma mfululizo. Fungua na kifuniko cha kichwa uchovye kidole ndani ya oili: ukikuta chembe za shaba au maji, umesikia kengele.

Mkono wa kuingiza kisu ukizunguka karibu robo mzunguko kabla kisu hakijasogea, wala usikunje uso, kwani nati ya shaba iliyolika hutengenezwa, na wewe ndiye mkerezaji. Lakini nati iliyopasuliwa nusu kwa nusu, ile inayoishika skurubu kuu wakati wa kukata uzi, ijaribu sehemu tatu au nne za urefu wa skurubu hiyo. Ikiruka karibu na chaki na kushika vizuri mwishoni, ujue skurubu nayo imelika.

Nimechelewa kulifikia swali la mama watoto, ilhali ndilo lenye fedha nyingi ndani yake. Mota ya farasi 3 ni kilowati 2.2, na una njia tatu. Ya kwanza ni kuomba TANESCO wakuletee fezi tatu za volti 400. Ndiyo njia safi, na gharama yake hutegemea umbali wa nguzo, hivyo uliza kabla ya kununua mashine. Ya pili ni kuitoa mota hiyo na kufunga ya fezi moja ya nguvu ile ile. Itafanya kazi, lakini kila unapowasha itavuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya ule wa kawaida, taa za jirani zitafifia, na waya wa nyumba yako huenda usihimili. Ya tatu, ambayo kwa hali yako naipendelea, ni kutumia invata ya mota, ambayo si ile ya sola: huingiziwa volti 230 za fezi moja, nayo hutoa volti 230 za fezi tatu, huianzisha mota polepole na kukuruhusu kubadilisha kasi kwa kitufe.

Njia hii ya tatu ina masharti ambayo wauzaji wa invata hawayasemi. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kuungwa kwa pembetatu ikapokea volti 230, na mambo yamekwisha. Kikiandikwa 400 au 415 peke yake na waya zinazotoka ni tatu tu, fundi wa kusuka mota atalazimika kuifungua na kuitafuta nyota ya ndani, yaani mahali ncha tatu za nyaya zilipounganishwa, aitenganishe, au ununue mota nyingine. La pili, swichi ya zamani ya mbele na nyuma iliyo juu ya mashine isikae kati ya invata na mota, kwa kuwa ukiikata wakati invata inatoa umeme unaweza kuiunguza. Waya za swichi hiyo zipelekwe kwenye vituo vya kuamrisha vya invata. Wapo wanaofunga kapasita ili kuidanganya mota ya fezi tatu itembee kwa fezi moja. Itatembea, ila itapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na kupata joto, na siku utakapokata chuma kigumu itasimama kisu kikiwa ndani ya kazi.

Umwambie mama watoto pia kwamba mota hiyo ikifanya kazi kwa mzigo kamili kwa saa 1 hula zaidi ya uniti 2. Kama nyumba yenu iko katika kundi la D1, lile la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, karakana itawatoa humo, na bei ya uniti za kupikia na kupigia pasi itapanda pamoja na za mashine.

Swali la inchi halistahili kukukosesha usingizi. Mistari ya mikono ya mashine itakuonyesha sehemu za 1,000 za inchi, na kila moja ni 0.0254 ya milimita. Baada ya muda mfupi utazoea, na mwishowe unayemtegemea ni maikromita yako wala si mistari. Pale ambapo inchi inasumbua ni kwenye kukata uzi wa milimita, na hapo ndipo lile sanduku la gia linapogeuka kuwa mali. Hesabu meno ya kila gia moja moja. Unaitafuta yenye meno 127, kwa sababu inchi 1 ni milimita 25.4, na 127 ni 25.4 mara 5, hivyo gia hiyo ndiyo daraja kamili kati ya vipimo hivyo viwili. Ikiwemo, utakata uzi wa milimita bila kosa, kwa sharti moja: usiifungue nati ya skurubu kuu hadi uzi ukamilike, bali urudishe gari kwa kuizungusha mashine kinyumenyume. Na hapo angalia chaki imefungwaje. Kama imeskurubiwa kwenye spindo, kuizungusha kinyume kwa ghafla kunaweza kuifungua ikadondoka ikiwa inazunguka, kwa hiyo uende polepole mno. Gia ya 127 ikikosekana, ipunguze kwenye bei, maana kuichongesha ni kazi ya mashine nyingine. Usisahau kwamba nyuzi za mabomba ya pampu zako, pamoja na za mitambo ya zamani ya kusaga, zimejengwa juu ya inchi, na huko mashine yako itakuwa nyumbani.

Rafiki yako wa Dar es Salaam hakosei kwa mtu anayetengeneza vitu vidogo. Zile mashine za mezani zenye uwezo wa kuzungusha kipenyo cha milimita 180 hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, ni mpya, na nyepesi kiasi kwamba watu wawili huzibeba. Lakini tundu la spindo la mashine za aina hiyo ni kama milimita 20, na nyingi zina gia za plastiki ndani. Shafti ya mashine ya kusaga ya milimita 50 utaifunga wapi? Ungekuwa unatengeneza vipuri vya cherehani ningekuambia panda basi kesho.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Mashine za karakana za mashamba, reli na shule zilikuwa mali ya mashirika na ya umma, na baadhi zilitoka kwa mnada halali, nyingine zilitoka usiku. Muuzaji akuonyeshe stakabadhi ya mnada au barua ya mauzo, uandike namba iliyochongwa kwenye kitanda, kwa kawaida upande wa mkia, na mkataba wenu usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Kama namba imesagwa, acha. Rangi mpya nayo isugue kidogo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hasa kwenye kichwa na miguu, uone kama imefunika ufa au welding, kwa kuwa chuma cha kusubu kilichopasuka huungwa kwa shida.

Ukiinunua, itasafiri ikiwa imefungwa kwa kamba pana chini ya kitanda, kamwe si kwenye spindo wala skurubu kuu, na gari la kisu lisukumwe kuelekea mkia ili kupunguza uzito wa upande wa kichwa, ambao ndio unaozipindua mashine nyingi kwenye lori. Bandani usiiweke mkabala na mlango unaopokea upepo wa bahari. Reli zipakwe oili nzito kila jioni, na uifunike kwa turubai la kitambaa. Nailoni hufungia unyevu ndani, na kwa Tanga kutu itakuwa imeanza kabla hujaijua. Na kwa kuwa ni karakana ya nyumbani, ambako mtu hutoka msikitini na kupitia bandani kumalizia kazi kidogo, hapo sitanii: kanzu, kikoi, kanga, glavu na mikono mirefu visiikaribie chaki inayozunguka, na ufunguo wa chaki usiachwe ndani yake hata kwa kitambo cha kujibu simu. Invata iwe na swichi kuu yenye kufuli ili watoto wasiiwashe.

Tumalizie bei. Chukua milioni 7, utoe invata na kazi ya mota, chaki ya taya nne ambayo haipo na utaihitaji kwa kila kazi isiyo ya mviringo, egemeo la shafti ndefu kama halimo, gia ya 127 kama haimo, lori na winchi. Kinachobaki ndicho cha kuzungumza, na hicho nacho ni kwa mashine iliyokwisha kukata pete mbili mbele yako. Milioni moja na nusu utakayobaki nayo isiguswe na muuzaji kwa namna yoyote, kwa kuwa visu, maikromita na nyaya vitaimaliza. Ukisharudi Muheza, niandikie vipenyo vya pete zote mbili, kipimo cha tundu la spindo, na maandishi ya kibao cha mota kama yalivyo, nami nitakuambia kiasi ambacho mimi binafsi ningekitoa.